Maji ya Magadi Shambani: Hesabu ya Kalsiamu katika Nyanda za Chini ya Kilimanjaro na Meru

Maji ya magadi huudhuru udongo kwa kuunyang'anya kalsiamu. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo, na nitaitetea kwa kuzitazama nyanda zilizo chini ya Kilimanjaro na Meru, kutoka Kahe na Arusha Chini hadi kandokando ya Mto Kikuletwa, kwa sababu huko mlima, maji na jembe vimekutana kwa namna inayoliweka jambo hili wazi. Wakulima wa huko wanaijua hali yenyewe kwa macho: jaruba linalogoma kunywa maji, ukoko mgumu unaouzuia mche usichomoze, vipara vinavyopanuka mwaka hadi mwaka katikati ya shamba lililokuwa likijaza magunia. Kinachokosekana mara nyingi ni maelezo ya chanzo, na maelezo yakikosekana lawama huangukia pasipo pake: mbegu mbovu, mbolea ya kughushi, mvua haba, au uvivu wa mwenye shamba. Nitaonyesha kwamba mara nyingi chanzo ni maji, kwamba uharibifu wake hukaa miaka kabla ya kujitokeza, na kwamba vipimo tunavyovizoea zaidi vinaweza kuyapitisha maji hayo kuwa mazuri.

Tuanze na mlima, maana maji huchukua tabia ya mwamba yanamopita. Meru na Kilimanjaro ni volkano za ukanda wa Bonde la Ufa, na lava zake nyingi zina sodiamu kwa wingi usio wa kawaida. Magharibi mwake umesimama Ol Doinyo Lengai, mlima pekee duniani unaojulikana kuendelea kutapika lava ya kabonati ya sodiamu, na chini yake limelala Ziwa Natron, ambalo pH yake hupita 9. Ng'ambo ya mpaka, katika Ziwa Magadi nchini Kenya, magadi yamechimbwa kwa zaidi ya miaka 100. Mvua inayonyesha juu ya miamba ya namna hii huzama ardhini ikiwa imebeba hewa ya ukaa, huimumunya miamba polepole, kisha hutokeza kwenye chemchemi ikiwa na sodiamu na bikabonati. Kikuletwa hukusanya sehemu kubwa ya maji yake kutoka chemchemi kama hizo. Meno ya kahawia ya watu wengi wa vijiji vinavyoizunguka Meru ni ushahidi wa kemia hiyohiyo. Yanatokana na floraidi, nayo floraidi haiwezi kuzidi sana katika maji yenye kalsiamu ya kutosha, kwa sababu viwili hivyo huungana na kutuama. Inapopanda, mara nyingi ni dalili kwamba kalsiamu imekwisha kuondoka majini na sodiamu imebaki ikitawala. Kwa hiyo eneo lenye floraidi nyingi katika visima vyake lina sababu nzuri ya kuyatilia shaka maji yake ya mashamba, hata kabla hakijatumwa chochote maabara.

Sasa tuingie katika udongo wenyewe. Chembe za mfinyanzi ni nyembamba mno, na nyuso zake zina chaji hasi. Zingeachwa hivyo zingesukumana na kutawanyika. Kinachozishikanisha zikawa madonge madogo, yenye matundu ya kupitisha maji na hewa, ni kalsiamu na kwa kiasi magnesiamu, ambazo kila ioni yake ina chaji mbili na hukaa karibu sana na uso wa chembe. Sodiamu ina chaji moja tu na hujivika maji mengi. Ikichukua nafasi ya kalsiamu, chembe huachana, huelea, kisha hujipanga upya na kuziba matundu. Wapishi wa makande wanayajua mabadiliko haya vizuri kuliko wanavyodhani. Maharage yakichemshwa katika maji ya chokaa hukaidi kuiva, na yakitiwa magadi hulainika upesi, kwa kuwa kalsiamu ndiyo inayoimarisha gundi iliyo kati ya seli za punje, na sodiamu ya magadi huiondoa mahali pake. Linalotakiwa kwenye chungu ndilo msiba shambani: madonge ya udongo hulainika na kuporomoka kama yanavyoporomoka maharage, na udongo uliokuwa ukipumua hubaki tope linapolowa na tofali linapokauka.

Wengine hudhani kwamba magadi hudhuru kwa sababu ni chumvi, na kwamba maji yasiyo na ladha ya chumvi ni salama. Hapa inafaa tupige hesabu, na natoa mfano wa maji ya kubuni ambayo tarakimu zake si za ajabu katika nchi ya volkano. Kila lita ina sodiamu miligramu 115, kalsiamu 20, magnesiamu 12 na bikabonati 305. Chumvi yote kwa jumla ni kama nusu gramu kwa lita, kiasi ambacho ulimi hauwezi kukilalamikia, na ambacho miongozo ya FAO ingekiweka mpakani mwa maji yasiyo na shida yoyote ya chumvi. Uwiano wa sodiamu dhidi ya kalsiamu na magnesiamu, ule ambao maabara huuita SAR, unatoka 5, nao hautishi. Lakini tuzibadili tarakimu hizo ziwe vipimo vya chaji: sodiamu ni 5, kalsiamu 1, magnesiamu 1, bikabonati 5. Maji haya yakiingia shambani, mmea hunywa, jua huvukiza, na kinachobaki hukolea. Bikabonati iliyokolea huishika kalsiamu na kuigeuza chokaa ngumu, ambayo haishiriki tena katika kazi ya kushikanisha mfinyanzi. Kalsiamu na magnesiamu za majini zikiisha, bado kuna bikabonati yenye chaji 3 isiyo na mwenzi. Hiyo huichukua kalsiamu iliyokuwa imeshikwa na udongo, na sodiamu hukalia kiti kilichoachwa wazi.

Masalio hayo ya 3 ndiyo kipimo muhimu kuliko vyote katika mjadala wetu. Mtafiti Frank Eaton alikieleza mwaka 1950, na miaka minne baadaye maabara ya chumvi ya Riverside, California, ilikiingiza katika kitabu chake cha mwongozo: masalio yasiyozidi 1.25 ni salama, kati ya 1.25 na 2.5 ni ya kutilia shaka, na yanayozidi 2.5 hayafai kwa umwagiliaji wa muda mrefu. Maji ya mfano wetu, yaliyopita salama katika ladha, katika chumvi na katika uwiano wa sodiamu, yameanguka hapa. Tuendelee mbele kidogo. Hekta moja ikipewa kina cha mita moja ya maji kwa msimu, hupokea lita milioni 10. Udongo mzuri wa mfinyanzi, hadi kina cha sentimita 30, una nafasi nyingi za kushikia kalsiamu. Hata hivyo masalio ya 3 yanatosha kugeuza kiasi cha asilimia 2.5 ya nafasi hizo kuwa za sodiamu katika msimu mmoja. Misimu sita ingeufikisha udongo kwenye asilimia 15, mstari ambao mwongozo wa Riverside uliuita mwanzo wa udongo wa magadi. Watafiti wa Australia wanauweka mstari huo mapema zaidi, kwenye asilimia 6, kwa sababu katika udongo wao mfinyanzi huanza kutawanyika kabla ya hapo. Shambani mambo huenda polepole kuliko hesabu hii. Sehemu ya sodiamu huzama na kuondoka, na chokaa ya asili iliyomo katika udongo hutoa kalsiamu kidogokidogo. Ucheleweshaji huo ndio unaotudanganya. Shamba huvumilia miaka minane, kumi, kumi na tano, na mavuno ya miaka hiyo hutumika kuwa ushahidi kwamba maji hayana neno.

Kuna jambo jingine linaloongeza udanganyifu, nalo huwashangaza hata wataalamu wa kilimo. Maji yenyewe ya magadi, kwa kuwa yana chumvi kidogo, huzuia kutawanyika kwa mfinyanzi kwa kiasi fulani. Chumvi yoyote iliyomo majini huzisogeza chembe karibu. Kwa hiyo udongo uliokwisha kujaa sodiamu unaweza kuonekana mzima maadamu unaendelea kunyweshwa maji yaleyale. Kisha mvua za masika hushuka. Maji ya mvua hayana chumvi, huichujua ile iliyokuwa ikishikilia, na ghafla uso wa shamba huziba. Mkulima anaona maji yamesimama juu siku tatu, anachimba kwa jembe na kukuta chini pakavu, naye kwa haki kabisa anaamini kwamba mvua ndiyo imemharibia. Wanaosema kwamba masika husafisha kila kitu wana ukweli nusu. Mvua husafisha chumvi ya kawaida palipo na njia ya kutokea. Sodiamu iliyoshikwa na mfinyanzi haiondoki kwa kuoshwa. Huondoka inapobadilishwa na kalsiamu, na mvua haina kalsiamu ya kutoa.

Muundo wa udongo ukianguka, lishe huanguka nao. Chokaa peke yake, ikiwa katika mizani na hewa, haiwezi kuipandisha pH ya udongo zaidi ya 8.4 hivi; kipimo kikipita 8.5 kuna kabonati ya sodiamu ndani yake. Katika hali hiyo zinki, chuma na manganisi hujifunga katika hali ambazo mizizi haiwezi kuzitumia, na mche wa mpunga hugeuka rangi ya kutu wiki chache baada ya kupandikizwa. Huko India, mtafiti Y. L. Nene aligundua katika miaka ya 1960 kwamba ugonjwa wa mpunga ulioitwa khaira ulikuwa upungufu wa zinki. Yurea ikimwagwa juu ya udongo wa namna hii, sehemu kubwa ya naitrojeni yake hupaa angani ikiwa amonia, kwa hiyo mkulima anayejibu unyonge wa mazao kwa mfuko mwingine wa yurea anatoa fedha yake ipeperuke. Mboji huyeyuka katika magadi na kupanda juu na unyevu, ikaacha madoa meusi yanayong'aa pembezoni mwa majaruba. Weusi huo watu huutazama wakadhani ni rutuba, kumbe ni rutuba inayoondoka.

Mtu anaweza kupinga hivi: ikiwa magadi ndiyo shida, kwa nini tusipime pH ya maji tu, kipimo ambacho kila bwana shamba anaweza kukifanya kwa karatasi? Jibu linapatikana pwani. Maji ya visima vya Unguja yanayotoka katika miamba ya matumbawe yanaweza kuwa na pH sawa na ya maji ya Kikuletwa, na bikabonati nyingi vilevile. Ukoko mweupe ndani ya birika za Waunguja unaeleza tofauti: bikabonati ya huko imekuja na kalsiamu yake. Maji hayo huziba matundu ya mabomba ya matone, na yanaweza kuisumbua mimea inayotaka chuma, lakini hayauvunji muundo wa udongo. Yakimwagwa kwenye udongo wenye tindikali yanaweza hata kuufaa, kama chokaa iliyonunuliwa. Maji mawili yenye pH moja yanaweza kwenda njia mbili kinyume kabisa, na karatasi ya rangi haiwezi kuyatenganisha. Hii ndiyo sababu ninasisitiza hesabu ya kalsiamu dhidi ya bikabonati. Inahitaji vipimo vinne vya maabara vya kawaida, na gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na saruji ya banio moja.

Pingamizi la pili ni la historia, na ni zito zaidi. Wachaga wamemwagilia kwa mifongo, yaani mifereji yao ya jadi, kwa karne nyingi, na vihamba vyao bado vina migomba na kahawa; inakuwaje maji ya mlima huohuo yaharibu nyanda? Mifongo ya zamani ilichukua maji ya juu, yaliyotoka msituni kabla ya kukaa muda mrefu ndani ya mwamba. Yaliingia kwenye udongo mwekundu wa volkano unaopitisha maji upesi, katika ukanda ambao miteremko yake ya kusini hupata mvua ya milimita 1,000 hadi 2,000 kwa mwaka na hata zaidi. Maji ya mfereji yalikuwa nyongeza ya mvua tu. Kule Arusha Chini mvua ni kama milimita 500, jua linaweza kuvukiza mara kadhaa ya hizo, udongo ni mfinyanzi mzito, na maji ya ardhini yako karibu. Mashamba ya miwa yaliyoanzishwa huko miaka ya 1930 yanatoa ushahidi: sehemu zake za chini, upande wa kusini, zimejulikana kwa muda mrefu kuwa na udongo wa chumvi na sodiamu, na kuzilima kumedai mitaro ya kutolea maji pamoja na uangalizi wa kudumu. Mwenye mtaji na wataalamu ameweza kuishi na tatizo hilo. Mwenye ekari moja ya mpunga Kahe hana mtaro wala mtaalamu, na haifai tumpime kwa mafanikio ya jirani aliyenavyo.

Wapo pia wasemao kwamba tiba ipo, kwa hiyo hofu imezidi. Ni kweli tiba ipo, nami naiheshimu. Kituo cha utafiti wa udongo wa chumvi cha Karnal, India, kilichoanzishwa mwaka 1969, kilionyesha njia: shamba lisawazishwe, liwekwe matuta, litiwe jasi tani 10 hadi 15 kwa hekta, lisimamishwe maji, lipandwe mpunga kwanza kwa kuwa unavumilia, na zinki isisahaulike. Zaidi ya hekta milioni moja za nchi ile zimerudishwa kwenye kilimo kwa njia hiyo. Sisi tuna bahati ambayo sioni tukiithamini: jasi inachimbwa Makanya, wilayani Same, katika mkoa uleule wa Kilimanjaro, na hutumika viwandani kutengenezea saruji. Jiwe lenye kalsiamu ambayo Kahe inaihitaji linapatikana kando ya barabara kuu iendayo Moshi. Samadi husaidia pia, kwa kuwa ikioza hutoa hewa ya ukaa inayoyeyusha chokaa iliyokwisha kutuama na kuirudisha kalsiamu kazini. Na mbolea ya SA (salfeti ya amonia) inafaa kuliko yurea kwa sababu hushusha pH. Lakini tiba ya Karnal huponya udongo ambao maji yake ni mazuri. Palipo na maji yenye masalio ya 3, kuyashusha hadi 1.25 kunahitaji kama tani moja na nusu ya jasi kwa hekta kwa kila mita ya maji, msimu baada ya msimu, bila kikomo. Jasi ya namna hiyo yapasa ihesabiwe pamoja na mafuta ya pampu na vibarua wa kupalilia, na mpango wa skimu usioionyesha katika gharama zake unamtwisha mkulima gharama ambayo hajaambiwa.

Tena jasi bila mtaro ni kazi nusu, maana sodiamu iliyofukuzwa lazima ipate mahali pa kwenda. Hapa suala la ubora wa maji linashikana na suala la kugawana maji. Skimu ya Lower Moshi ilijengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987. Mpunga wake ulifanikiwa, wakulima wa juu yake wakaiga, na baada ya muda mfupi maji ya Mto Rau unaoilisha skimu hiyo yakawa hayawatoshi wa chini. Upungufu huo kwa kawaida hujadiliwa kama suala la magunia yaliyokosekana. Una upande wa pili: mkulima anayepata maji ya kunyweshea mmea tu, bila ziada ya kusukuma sodiamu chini ya mizizi, anairundika shambani mwake kila msimu. Na vijito vitamu vya juu vikichepushwa vyote, anayebaki chini hupokea mtiririko uliotawaliwa na chemchemi za magadi na maji yaliyokwisha kupita katika mashamba ya wengine. Hakuna aliyetia kitu kibaya mtoni, lakini maji ya wa mwisho si yale ya wa kwanza. Kibali cha kutumia maji kinachotaja lita kwa sekunde peke yake hakiwezi kumlinda mtu huyo.

Watu wa mipango watasema kwamba nchi inahitaji chakula sasa, na kwamba kusubiri vipimo ni anasa. Ninaelewa uzito wa neno hilo. Mwenye njaa hawezi kulishwa kwa grafu. Ila vipimo ninavyovitaka havisimamishi ujenzi hata kwa msimu mmoja. Maji yachukuliwe banioni na mwisho wa mfereji mara mbili kwa mwaka. Mara moja iwe masika. Mara ya pili iwe Septemba au Oktoba, wakati mto unabebwa na chemchemi, bikabonati iko juu, na mashamba yanakunywa kuliko wakati wowote. Sampuli ya masika peke yake itatoa picha ya maji ambayo wakulima karibu hawayatumii. Udongo upimwe kila baada ya miaka mitatu, na kwanza kabisa katika majaruba ya mwisho wa mfereji, kwa kuwa ndiko sodiamu hutangulia. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ipo tangu 1991, Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ipo tangu 2013, na vyama vya wamwagiliaji vina viongozi na madaftari. Tarakimu nne za kila sampuli, yaani sodiamu, kalsiamu, magnesiamu na bikabonati, ziandikwe katika daftari la chama na zibandikwe ukutani mwa ofisi yake pamoja na zamu za maji, ili anayelima jaruba la mwisho aweze kuuliza jasi yake iko wapi kabla kipara cha kwanza hakijatokea.